Miwani ya Macho Mawili

Usimtokee Manase upande wa kulia. Mtaa mzima wa Ngamiani, pale Tanga, ulishalijua hilo, ila sababu hakuna aliyeijua, na Manase mwenyewe ndiye aliyekuwa mbali nayo kuliko wote. Bodaboda ikimpita upande huo, matusi. Mkewe Praxeda akimwekea chai mkono wa kulia, kikombe chini, kitambaa cha meza chapachapa, na lawama juu: "Unanitegea?" Praxeda alivumilia mpaka akachoka. Siku hizi alikuwa anaweka kikombe na kuondoka bila neno.

Na mtu huyo mwenye hasira za kutwa kucha ndiye dereva wa basi la shule. Watoto thelathini na mmoja, asubuhi na alasiri, mwaka wa kumi na tisa huu. Baba yake alikuwa mkata mkonge huko Mwera, na Manase utotoni alikuwa akikimbilia kiwanja cha nyasi kila ndege ndogo iliposhuka, akaapa atakuwa rubani. Wapi! Mtoto wa kambi ya mkonge na urubani wapi na wapi? Alipopewa usukani wa basi akasema huu ndio wangu, na anayeutaka aje na panga.

Mwaka jana nusura aupoteze. Kioo cha pembeni cha kulia cha basi kilimkumba Castory, muuza mikate wa kona ya Barabara ya Nane, akaanguka na baiskeli yake na kreti zima la boflo, mkono ukavunjika. Walipofikishwa ofisi ya serikali ya mtaa, Manase alisimama mbele ya mwenyekiti, akajipiga kifua: "Nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Alijiingiza mwenyewe!" Nani angembishia dereva wa watoto? Castory, mkono umefungwa plasta, akaambiwa aombe radhi mbele ya watu, na akaomba. Mkono ule ulipona umepinda. Tangu siku hiyo hawasalimiani, na wahenga walishasema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Urubani, Manase alibaki nao sebuleni. Mwanawe Daniel alipohamia Dodoma alimwachia kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege, ule wa dashibodi nzima, wenye kuhitaji akili. Kila jioni mzee alipaa Tanga, akatua Pemba, akarudi. Wiki ile alishindwa kutua mara nne mfululizo, akaipiga skrini ngumi. Skrini ikapasuka, ngumi ikavimba, na Praxeda akacheka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Jumamosi asubuhi akaingia dukani kwa Mariya. Huyu alikuwa mjane wa Noorali, watu wakimwita Mama Aslam, muuza vifaa vya kompyuta mwenye ulimi wa wembe. Mjukuu wake Nargis alipanda basi la Manase kila siku. Manase hajamaliza hata kupiga hodi, bega lake la kulia likagonga rafu ya spika.

"Nani kaweka takataka hii njiani?"

"Iko hapo tangu mwaka juzi, Baba Daniel. Karibu. Unataka nini?"

Alitaka skrini. Mariya akamwonyesha moja pana, ya inchi ishirini na saba. Lakini pale kaunta palikuwa na msichana, Semeni jina lake, amejifunga usoni miwani ya VR, ile inayokufunika macho yote mawili na kukuweka ndani kabisa ya mchezo. Kwenye kompyuta ya duka ilionekana anachokiona: chumba cha rubani. Semeni akanyoosha mkono kushika usukani usiokuwepo, akainamisha kichwa mlango wa ndege ulipofungwa, akacheka peke yake.

"Hiyo," Manase akasema. "Skrini ni ya watoto. Nipe hiyo."

"Jaribu kwanza."

Akavaa. Akageuza shingo huku, akageuza kule. Hakunyoosha mkono. Mlango wa ndege ukafungwa puani mwake, naye akakaa vilevile wima.

"Mbona bapa?" akafoka. "Kama kalenda ya ukutani tu!"

"Bapa?"

"Bapa! Mmezoea kutuuzia vibovu nyinyi wenye maduka. Mnadhani sisi wote tumetoka shamba jana!"

Akutukanaye hakuchagulii tusi, na Manase hakuchagua. Alimgusa Mariya, akamgusa na marehemu Noorali. Mariya aliitazama rafu ya spika, akamtazama Manase. Kisha akamvua ile miwani, akakata kipande cha boksi, akakipachika kwenye lenzi ya kushoto.

"Vaa tena."

Akavaa. "Umeizima!"

"Sijaizima."

"Giza tupu! Imekufa! Si nilisema mnauza vibovu?"

"Semeni, mwambie. Picha ipo kwenye kompyuta au haipo?"

"Ipo, mzee," Semeni akasema kwa sauti ndogo. "Ndege inaonekana."

Mariya akakihamishia kile kipande kwenye lenzi ya kulia. "Na sasa?"

"Sasa imerudi. Vilevile kama mwanzo."

"Vilevile kama mwanzo," Mariya akarudia. "Baba Daniel, nilipoziba la kushoto umeona giza. Nilipoziba la kulia hujaona tofauti. Jicho lako la kulia halioni."

Manase akaivua miwani, akaibwaga kaunta.

"Mchawi wewe! Macho yangu mazima. Miaka kumi na tisa naendesha!"

"Noorali alisema hivyohivyo. Presha ya macho hula jicho polepole, mwenyewe hujui, maana la pili linakufichia. Miwani hii haikufai, ni ya watu wa macho mawili. Skrini nakuuzia, skrini haijali. Lakini nina mjukuu kwenye basi lako. Jumatatu nitasimama naye mlangoni kwangu. Ukija umeshika usukani, nampigia mwalimu mkuu ukiwa hapohapo."

"Mpigie hata leo! Nyang'au wewe!"

Akatoka bila skrini, bila miwani, akagonga rafu ileile.

Kwenye kichochoro kinachoelekea kwake alisimama, akatazama kama hakuna mtu, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Ngamiani ikapotea. Nyumba, baiskeli, nguo za watu kambani, hakuna kitu. Akaondoa kiganja, akaziba tena. Alirudia mara nyingi, kama mtu anayebonyeza swichi nyumba haina umeme.

Akawakumbuka bodaboda wote aliowatukana. Akakumbuka vikombe. Nyani haoni kundule, na yeye hata aliyokuwa nayo ubavuni hakuyaona! Lakini kilichomkata maini ni Castory. Hakumwona siku ile. Alisikia kishindo tu, akaogopa kunyang'anywa usukani, akaapa. Na kama badala ya Castory angekuwa mtoto aliyeshuka basini? Akachuchumaa palepale kichochoroni.

Jumapili baada ya ibada alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Ruthi, mwalimu mkuu, akamwekea ufunguo wa basi mezani. "Tafuta dereva," akasema. Mwalimu akauliza kisa, akaambiwa kwa maneno matatu, akamwomba akae anywe chai. Hakukaa.

Jumatatu Mariya alikuwa mlangoni, kamshika Nargis mkono. Manase alikuja kwa miguu.

"Shikamoo, mzee," Nargis akasema. "Basi liko wapi?"

"Marahaba. Linakuja. Na dereva mwingine."

Mariya akamgeukia. "Skrini yako nimekuwekea."

"Sitaki huruma yako."

"Nani anakuhurumia? Ulimtukana mume wangu kaburini. Nimekuwekea kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka."

Manase akampita, akaenda mpaka kona ya Barabara ya Nane. Foleni ya mikate ilikuwa ndefu, Semeni akiwemo. Castory alimwona akija, akaendelea kufunga mikate kwa gazeti.

"Castory."

"Foleni iko kule nyuma."

"Sikufuata mkate." Sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Niliapa mbele ya watu, basi nasema mbele ya watu. Nilisema nilikuona kwa macho mawili. Ninalo moja. Sikukuona kabisa. Kosa lilikuwa langu, na radhi ile uliyoniomba wewe, ilikuwa ni mimi niiombe."

Castory akaweka gazeti chini. Akanyoosha mkono, ule uliopinda, akampa Manase kwa upande wa kulia.

Manase akangoja jibu. Hakusikia kitu. Akadhani amefukuzwa kwa kimya, akageuka aondoke.

"Mzee!" Semeni akapiga kelele. "Anakupa mkono!"

Manase akazunguka mwili mzima, haraka, shingo mbele. Mkono ulikuwa umeshaondoka. Castory alikuwa ameokota gazeti, uso umemshuka kwa fedheha, akimfungia mkate mteja mwingine.

Manase akaizunguka baiskeli ya mikate mpaka Castory akawa kushotoni kwake, akanyoosha mkono wake mwenyewe, akasimama hivyohivyo hewani, watu wakimpita na mikate yao.

"Unazuia foleni," Castory akasema.

Manase hakuushusha mkono.