Sauti Iliyoondolewa Redioni

Nilipoanza kuendesha malori makubwa ya kubeba mawe mgodini, sauti ya kwanza niliyoizoea ilikuwa ya mama mmoja wa Tinde aliyekaa chumba cha redio. Yeye ndiye aliyetupanga: nani apakie wapi, nani asubiri, barabara ipi inateleza kwa mvua. Kila asubuhi alianza na "Mwangaluka", hata kwa madereva wa Mtwara na Moshi, nao wakajifunza kuitikia Kisukuma. Dereva akianza kusinzia alimjua kwa jinsi alivyojibu, akamwagiza asimame anawe uso.

Kisha kampuni ikaleta mtambo wa kutupangia kazi kupitia kioo cha kompyuta ndani ya lori. Tuliitwa kwenye turubai, tukapewa pilau na fulana. Mtaalamu wa mabadiliko aliyetoka Dar es Salaam alituambia hakuna kilichoamuliwa, anataka maoni yetu. Nilimwamini. Nikasimama, nikauliza, "Na mama wa redioni mnampeleka wapi?"

"Swali zuri sana," akasema. "Tunalichukua."

Tulipotoka tukakuta mafundi wameshaanza kufunga vile vioo. Wiki iliyofuata redio ilikuwa kimya.

Nilimtembelea yule mama nyumbani kwake Nyahanga. Nilimkuta anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alinieleza kwamba alipigiwa simu akiwa msibani, amemzika kaka yake. Waliomba radhi kwa usumbufu, wakamwambia asirudi.

"Mtambo sina ugomvi nao," alisema. "Wangeniita, ningejifunza. Hata kama ningeshindwa, ningewaaga nyie." Akaendelea na mchicha wake.

Siwezi kusema mtambo ni mbaya. Foleni kwenye shimo zilipungua kweli. Ila tulianza kufanya kazi kama watu wasiofahamiana. Rafiki yangu alisinzia kwenye usukani, lori likapanda tuta na kulala ubavu. Sasa anatembea kwa magongo. Baada ya hapo tukaongezewa mafunzo ya usalama. Siku hizo nilikuwa nikimaliza zamu nakaa garini bila hamu hata ya kwenda nyumbani.

Mwaka huu tumeitwa tena. Safari hii ni malori yasiyo na dereva. Mtaalamu alikuwa mwingine, kijana mpole, na naamini alitaka kweli kutusikiliza. Akaomba maoni, akasubiri. Akaomba tena, karibu kwa kubembeleza. Watu waliangalia viatu vyao. Nami nilikuwa na maswali tele, nikayameza.

"Basi niseme tumeelewana?" akauliza.

Tuliinuka mmoja mmoja tukaenda kupanga foleni ya chakula. Nilikula kidogo, nikakiacha. Mke wangu aliponiuliza kikao kimesemaje, nilimwambia sijui, nikalala na viatu.