Kufuli la Baba

Baba alipokubali tukalale kwenye hema, kwenye kambi ndogo ya msituni kando ya ziwa, upande wa Holili, nilijua hatakuja mikono mitupu. Nilitegemea ndizi. Ndizi alikuja nazo, pamoja na kufuli la mlango wa nyumba yake ya Mwika.

“Baba, hema ni kitambaa,” nilimwambia, nikianza kukereka. “Mwizi anachana tu kwa wembe.”

“Achane. Lakini asikute wazi.”

Pale tulikuwa sisi wawili tu, na mlinzi, na kima waliokuwa wakigombania maganda yetu. Nilimpigia baba hema lake, nikamtandikia godoro, kisha nikapiga langu pembeni. Jua lilipozama alinijia na blanketi begani, akanipa kufuli na ufunguo.

“Pitisha kwenye zipu, ufunge kwa ndani.”

“Na hema lako je?”

Alitandika blanketi chini, mlangoni kwangu, akajilaza na viatu vyake.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na mkubwa yuko chuo. Nilitaka kumwambia aache upuuzi, arudi kwenye godoro lake. Nikapitisha kufuli kwenye zipu, nikafunga.