Mpali wa Mama

Mke mwenza, kwetu Likasi, tunamwita mpali. Mama aliipa jina hilo motokari ya baba, pikapu ya buluu iliyolala kwa fundi kuliko ilivyolala kwetu.

"Mpali yangu anakulaka mingi kunipita," alikuwa akisema.

Na ilikula kweli. Friji yetu iliuzwa, ikageuka pampu yake ya maji. Kabati la vyombo liligeuka jointi, ile gasketi ya injini, nayo ikaungua kabla hatujafika Kambove. Fundi aliinua boneti, akatikisa kichwa kama daktari, na baba akamsikiliza kuliko alivyowahi kutusikiliza sisi. Nilimchukia fundi yule. Siku nyingine nilimchukia na baba.

Siku baba alipobeba cherehani ya mama kwenda kuiuza, mama alisimama mlangoni tu.

"Bon," akasema, "sasa mpali ndiye atatushonea nguo."

Cherehani ilileta giaboksi kuukuu. Mvua hazijaanza, injini yenyewe ikapasuka, na hakuna aliyeutaka mzoga ule hata kwa bure. Ukabaki uani juu ya matofali. Baba akawa anaenda kazini Shituru kwa miguu, akipita kando yake bila kuutazama.

Umeme ulipokatika, nyumba yetu ya madirisha madogo ikawa giza hata mchana. Mama akahamia ndani ya motokari, penye mwanga wa vioo, akishona viraka kwa mkono. Nilimwuliza kwa nini anakaa humo.

"Tunabakia wawili," akanijibu. "Yeye pia, bwana hamuangaliake tena."