Siku Niliyotua Pua Ikitazama Majani

Nilifika kwenye uwanja ule kwa sababu ya turubai. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda katika soko la Owino, Kampala, na siku moja alikuja mzee mrefu mwenye mwendo wa kijeshi akitaka nimshonee kifuniko cha ndege. Nilidhani ananitania. Jumamosi nikaenda naye nje ya mji, kwenye uwanja wa majani unaotumiwa na ndege ndogo, nikaikuta kweli: nyeupe, nyembamba, mabawa yake marefu kuliko nyumba yetu ya Kawempe, na injini haina. Huvutwa juu kwa kamba na ndege nyingine, kisha huachiwa ijitegemee hewani. Nilipima, nikashona, na nilipokuja kuivisha kifuniko chake yule mzee akaniuliza kama naogopa kupaa. Nikamwambia sijui, sijawahi. Ndivyo nilivyoanza, mwanamke wa Bukavu mwenye wajukuu.

Tulimwita Afande. Alikuwa rubani jeshini, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake cha kambini kilielewana haraka na changu cha Congo. Kwanza alinifundisha kwenye ndege ya mazoezi ambayo breki zake ni vibao vinavyochomoza juu ya bawa. Hiyo niliizoea. Ile nyeupe ilikuwa na tabia nyingine. Breki zake ziko kwenye ukingo wa nyuma wa bawa. Ukivuta mkono wa breki, ukingo unafunguka, na ndege inazuiwa kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Ili usipoteze kasi inabidi uinamishe pua, tena sana, mpaka kioo cha mbele kinajaa majani matupu.

"Mbona tunaanguka?" nilimuuliza mara ya kwanza. Viti vya ndege ile viko ubavu kwa ubavu, kwa hiyo nilimwona akicheka.

"Soma spidi, Mama. Imepanda?"

Nikasoma. Haikupanda.

"Basi. Pua iko chini lakini spidi iko palepale. Spidi ile ingine yote breki imekula."

Nilielewa, ila mikono yangu haikuelewa. Tulipokaribia chini niliona majani yananijia usoni, nikavuta usukani mapema mno. Kasi ikayeyuka. Tulikuwa bado juu kama usawa wa paa la nyumba, na ndege ikaanza kuzama. Mkono wangu wa kushoto ukakimbilia kufunga breki. Afande akaukamata, akaushikilia hapohapo, akasukuma pua kidogo, tukatua kwa kishindo kilichonigonganisha meno.

"Ukifunga pale, bawa linaacha kutubeba," alisema tuliposimama. Hakuwa na hasira. "Tungepigwa chini zaidi. Breki yako chagua mapema, ukiwa juu. Halafu iache. Na ukianza kunyanyua pua, nyanyua mara moja, taratibu. Spidi ya kujaribu tena huna."

Tulirudia Jumamosi nyingi. Nyumbani nilijizoeza kwenye kiti cha jikoni, nimeshika mwiko kama ndio mkono wa breki, na mume wangu akinitazama. Yeye ni shemasi kanisani, mtu wa miguu chini. Lakini siku Afande aliposema niende peke yangu, mume wangu alikuja, amebeba chapati na maharage kwenye kikapu.

"Mama ya batoto," aliniambia, "wewe ukiwa juu, mie nitaangalia barabara."

Na kweli aliupa uwanja mgongo.

Nilipoachia kamba, kelele zote zilibaki na ile ndege nyingine. Nililiona ziwa, nikaviona vilima vya Kampala, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, mikanda yake imefungwa juu ya mto. Nikaimba kidogo. Kisha nikageukia uwanja, nikafungua breki ningali juu, nikainamisha pua. Majani yakajaa kioo. Mkono wa kushoto ukataka kusogea, nikauambia kwa sauti, "Tulia wewe." Nikasoma kasi: palepale. Nikangoja, nikangoja tena, halafu nikanyanyua pua taratibu, mara moja, na gurudumu likagusa nyasi kwa ulaini ambao hata sikuuamini.

Baadaye Afande alinisimulia kwamba mume wangu aligeuka wakati mbaya kabisa, pua ikiwa imeelekea ardhini.

"Anaanguka!" alipiga kelele.

"Nyamaza, baba," Afande alimjibu. "Yuko kazini."

Mume wangu alikuja mbio na viatu vyake vya kanisani, akanishika mikono yote miwili. Tulikula chapati chini ya bawa, sisi watatu, kisha tukaisukuma ndege bandani kabla mvua haijafika. Njiani kurudi mume wangu aliniuliza Jumamosi ijayo tunaondoka saa ngapi.