Bibi na Picha ya Makuli

Harufu ya mbao kuukuu zilizopakwa nta hunirudisha Tanga mjini, Jumamosi moja nilipokuwa darasa la nne. Juzi nimeingia kwa fundi kumtazamia mwanangu kabati, harufu ile ikanipokea mlangoni, nikasimama nimeduwaa mpaka fundi akanisogezea kiti.

Tulikuwa tumetoka Muheza, mimi na Bibi mzaa mama, kwenda kumtembelea Mjomba Rajabu kwake Ngamiani. Mjomba alikuwa mtu wa mipango. Alitaka tuyaone makumbusho yote ya mji kabla ya Jumapili jioni, na kwa alivyokuwa akitutangulia njiani ungesema tunafukuzwa. Mimi nilifurahia kila kitu. Bibi alikuja kwa jambo moja tu, na alilisema wazi: kumtafuta baba yake.

Baba huyo alikuwa kuli bandarini. Alifariki na kuzikwa hukohuko Tanga, Bibi akiwa bado tumboni mwa mama yake, wala hakuacha picha. Sasa Mjomba alikuwa amesikia kwamba katika nyumba moja ya makumbusho, jengo la tangu enzi za Wajerumani, pametundikwa picha kubwa ya makuli wa zama za baba huyo. Asubuhi ile Bibi alijifukiza udi na kuvaa kanga mpya, utadhani anakwenda harusini.

Mlangoni tulipokewa na harufu ya mbao kuukuu zilizopakwa nta. Bibi alipiga hodi, akavua viatu.

"Shikamoo bibi. Ingia tu na viatu," alisema dada wa mapokezi.

"Marahaba mwanangu. Nyumba ya watu hiyo, niichafue?" Akamkabidhi mfuko wa machungwa, maana kwake kwenda kwa watu mikono mitupu ni aibu. Yule dada hakujua ayaweke wapi. Mwisho aliyapanga mezani, na wageni waliotufuata wakayatazama kwa heshima, mikono nyuma.

Vinu, mitungi na mizani tulivipita mbio. "Hivi ninavyo jikoni," alisema Bibi, hata shingo hakugeuza.

Picha ilikuwa chumba cha mwisho. Wanaume wamejipanga mbele ya marobota ya katani, wengine vifua wazi, wengine na vikoi. Mmoja alijitikisa wakati wa kupigwa, uso wake ukabaki ukungu. Chini pameandikwa "Makuli wa bandari", basi.

"Majina yao?" Bibi aliuliza.

"Hayakuandikwa, bibi," alijibu yule dada wa mapokezi, aliyekuwa ametusindikiza, kwa sauti ya kuomba radhi.

Bibi akanivuta mkono. "Haya, mke mwenzangu," alisema, kwa utani wetu wa siku zote, "wewe una macho mazima. Nitafutie mtu wa kwetu."

Ukoo wetu unajulikana kwa masikio. Yametokeza hasa, shuleni waliniita Sufuria kwa sababu ya vishikio. Nikapita uso baada ya uso, pua ikigusa kioo, na safu ya nyuma nikamwona: kijana mwembamba, masikio yamechomoza kama yangu! Nilipiga ukelele. Mjomba aliinama, akajishika sikio lake mwenyewe, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, ndiye huyu! Nampiga picha kwa simu, namkuza, tunamtundika sebuleni." Mimi tayari nilikuwa nimeshafika shuleni, nawatambia wenzangu.

Bibi alimtazama yule kijana kwa muda mrefu.

"Huenda," alisema. "Lakini masikio haya yamejaa kwetu Bonde kote. Nikimchukua huyu na kumbe siye, nimempora mtu baba yake, na wangu nimemwacha hapo ukutani hana mtu. Wapige picha wote, Rajabu."

Akakunjua viganja, akawasomea Fatiha wote, akiwapitia mmoja mmoja, hata yule wa ukungu. Nadhani na wasio Waislamu walipata fungu lao siku ile.

Mimi nililia kwa hasira. Tumemtafuta mtu, tumempata, Bibi anamkataa! Mjomba naye alinuna, akatutoa nje tuwahi makumbusho ya pili. Tulipofika barabarani Bibi akasema hajaaga, akarudi ndani. Alipokawia, nikatumwa kumwita.

Nilimkuta peke yake mbele ya picha, peku. Alikuwa ameiviringisha ncha ya kanga kidoleni, anapangusa kioo mahali pamoja tu, kwenye sikio la yule kijana, taratibu, anarudia na kurudia.

"Bibi, pameshatakata. Twende."

"Bado kidogo," alijibu.

Nilidhani anafuta vumbi. Miaka ikapita, Bibi akatangulia mbele ya haki, nami nikajifungua mwanangu wa kwanza. Walipomlaza kifuani pangu nilijikuta nampapasa sikio vilevile, taratibu, narudia. Hapo nilimlilia Bibi upya. Alimtamani baba kuliko sisi sote tulivyomtamania, akamwacha pale kwa kuogopa kumchukua wa mwenzake.