Msumeno Tulioutengeneza na Baba

Huko Bukavu, baba yangu alikuwa seremala wa makabati na milango ya makanisa. Aliponifikia katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea kwa kiharusi kilichompata njiani. Kaka zangu wawili, aliowafundisha kazi yake, hatukujua waliko. Alikaa mlangoni kutwa nzima, na ukimuuliza kitu alijibu kwa kichwa.

Mimi, binti yake, nilikuwa fundi cherehani. Meza yangu ilikuwa imeliwa na mchwa, nikaiinua kwa matofali. Asubuhi moja nilimwambia, "Baba, nataka meza ingine, lakini sina msumeno."

"Msumeno unatengenezwa," akasema. "Tafuta tu chuma ya meno. Ile ingine yote ni miti."

Nilipokwenda Lilongwe kununua vitambaa, nilipita kwa wauza vyuma chakavu nikapata kipande cha msumeno wa mashine, chembamba, meno butu. Nilirudi nacho kwenye minibasi nimekifunga kitenge, nikiogopa kumchana jirani yangu.

Uani, nyuma ya jiko, Baba alinielekeza. Fimbo mbili za mkaratusi zilisimama kama mikono, na mti mmoja ukalala katikati kuzitenganisha. Chini ukafungwa ule ukanda wa meno, juu kamba. Kamba ikisokotwa kwa kijiti, vichwa vya mikono huvutana, na ukanda kule chini hukazika.

"Usitie musumari pale katikati," alisema akipapasa kiungo kwa mkono wa kushoto. "Uache ucheze kidogo."

Nilisokota. Kamba ilikatika, kijiti kikanipiga mdomoni, damu ikatoka. Nikautupa msumeno chini.

"Mi sijui hii kazi, Baba! Ulifundisha batoto banaume tu. Mi ulinituma maji."

Nilidhani atanikemea.

"Njo nakufundisha sasa, mama," akasema.

Niliingia ndani kuosha mdomo, nikalia kidogo, nikatoka na uzi wa nailoni wa kushonea mabegi. Huo niliujua. Niliupaka nta ya mshumaa, nikausuka nyuzi tatu kama nywele, nikaufunga. Safari hii nilisokota polepole. Baba aliugonga ukanda kwa ukucha, akatega sikio.

"Bado. Iko legevu."

Nikazungusha tena. Aligonga, ukalia mlio mwembamba, safi.

"Apo. Funga apo."

Siku zilizofuata nilinoa meno kwa tupa ya kuazima, yeye akiyapima kwa kidole gumba. Kisha akaukandamiza ubao wa meza kwa goti, nikaanza kukata. Mstari wangu ulikwenda upogo vibaya sana.

"Usisukume na hasira," alisema. "Vuta, kisha urudishe pole."

Katikati ya ubao, aliweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu. Tukakata pamoja, unga wa mbao ukimwagikia miguu yetu, hadi kipande kikaanguka.

Meza ile ilitoka na mguu mmoja mfupi, lakini cherehani ilitulia juu yake. Jirani alipoiona, alimwomba Baba kigoda. Baba akaniita nje: "Mama, tuna kazi."

Mwaka ule alianza tena kunyoa ndevu kila asubuhi, na kuniuliza, kabla sijanywa chai, leo tunakata nini.