Kabureta Kubwa ya Papa Murhula

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana wala bisibisi. Frère, bruda aliyekuwa mkuu wa garaji ya misheni kule Ibanda, aliniweka magazini, yaani chumba cha vipuri. Sababu ilikuwa mwandiko wangu mzuri na, nadhani, hakujua pengine pa kumweka msichana. Akanipa kopo la petroli, mswaki mkuukuu na kabureta kumi na moja zilizofunguliwa kutoka magari mabovu.

"Safisha zote, soma namba," aliniambia. "Kama namba haisomeki, usiniambie inafanana na ile ingine. Sema tu haujui."

Ninyi mliokulia kwenye magari ya enjeksio, yanayopimiwa petroli na kompyuta, huenda hamjawahi kuishika. Kabureta ni chombo kinachochanganya hewa na petroli kabla havijaingia katika moteri. Katikati yake kuna koo jembamba. Hewa ikipita pale kwa kasi inavuta petroli kupitia jikleri, katundu kadogo ka shaba ambako upana wake umeandikwa kwa namba. Koo likiwa dogo mno, moteri inakosa pumzi ikienda mbio. Likiwa kubwa mno, hewa inapita kivivu, haivuti petroli sawasawa, na dereva akikanyaga kwa ghafla moteri inanyamaza. Kazi yote ya kuchagua iko katikati ya makosa hayo mawili.

Nilikaa magazini miaka mitatu. Kisha Frère akanihamishia atelye, yaani karakana, kwenye kazi ya kurekebisha moteri kwa kusikiliza mlio wake na kutazama rangi ya plagi. Wateja wengine walipoona ni mwanamke anayefungua boneti walirudi kumtafuta Frère. Yeye aliwajibu kwamba anayejua gari hilo ndiye huyo, kisha akaendelea na kahawa yake. Alipozeeka na kurudishwa kwao, garaji ilifungwa, nami nikapata kazi Nyalukemba, katika garaji ya mtu binafsi. Mkuu wangu pale alikuwa Chef d'atelier, msimamizi wa mafundi wote. Alikuwa na mikono mizuri kuliko fundi yeyote niliyemjua. Ila kumkatalia mteja hakuweza.

Papa Murhula alikuwa mfamasia, mtu mtulivu ambaye utulivu wake uliishia kwenye gari. Alikuwa na sedani kuukuu ya lita mbili, akatuletea tuitie nguvu. Tulibadilisha pistoni, tukaweka kamshafti kali inayofungua vali kwa muda mrefu zaidi, tukapanua njia za moshi. Ilibaki kabureta. Siku moja akaja na boksi, akalifungua mbele yetu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kabureta ya makoo mawili mapana, niliyoweza kuingiza vidole vitatu katika kila koo. Binamu yake alikuwa ameifungua kwenye gari la mashindano.

Jioni hiyo nilipiga hesabu nyuma ya karatasi. Moteri ya lita mbili inavuta lita moja ya hewa kila inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara elfu sita kwa dakika, ni lita elfu sita, na kwa kuwa haijai kabisa, ondoa karibu sehemu moja ya tano. Kabureta ile ilitengenezwa kupitisha karibu mara mbili ya hizo. Tena makoo yote mawili yalifunguka kwa pamoja. Na jikleri zake zilichaguliwa kwa nchi ya chini, ambako hewa ni nzito; huku kwetu juu hewa ni nyepesi, petroli ingezidi. Nikampelekea Chef d'atelier ile karatasi.

"Maman Nsimire, mahesabu yako iko muzuri," akasema. "Lakini client njo alileta iyi. Tutaiweka."

"Ikikanyagwa ghafla itazima, Chef."

"Iko moteri ya nguvu. Haitazima."

Sikusema tena. Tuliifunga. Jumamosi tuliiwasha uani, na kweli, ikikimbia juu ilinguruma vizuri mpaka mafundi wakapiga makofi. Papa Murhula alitabasamu kama kijana. Mimi ndiye niliyesaini fishi ya kutoka, ile karatasi inayosema gari liko tayari kwa barabara.

Kesho yake, baada ya misa, mama mmoja wa parokia yetu aliniambia kwamba Papa Murhula ameondoka asubuhi na mke wake na watoto wawili, wanaenda Kalehe kwenye ubatizo, na gari lililotoka garaji jana. Ile barabara ya kando ya ziwa mnaijua, vilima, kona, na malori ya matofali yanayopanda polepole mpaka dereva anashindwa kuvumilia na kutaka kuyapita. Nilipiga simu yake, haikupatikana. Nikapiga tena na tena, ni vilevile. Nilienda nyumbani kwake nikaketi kwenye benchi ya mlinzi, nikiwa bado na kitenge changu cha misa. Mlinzi alinipa chai. Sikuweza kuinywa. Kila moteri iliyopanda ile njia niliisikiliza, na kila moja haikuwa ile.

Ilikaribia saa tisa alasiri nilipoisikia ikikohoa mteremkoni. Ilipanda kwa mwendo wa mtu mgonjwa, moshi mweusi nyuma. Papa Murhula alikuwa peke yake ndani. Nilisimama. Ndipo nikawaona nyuma, mbali kidogo, Maman Faida mke wake akipanda kwa miguu, viatu vya misa mkononi, watoto wawili wakimfuata huku wanakula muwa.

Wote wanne. Niliwahesabu mara mbili, machozi yakanitoka mbele ya mlinzi.

Papa Murhula alisimulia akiwa amesimama, mkono juu ya boneti. Wakati wa kurudi alitaka kulipita lori kwenye kilima. Akatoka upande wa kushoto, ule wa magari yanayokuja, akakanyaga, moteri ikanyamaza. Mbele kukatokea lori lingine. Dereva wa lori alilotaka kulipita aliona, akafunga breki, akamwachia nafasi. Papa Murhula akarudi upande wake kwa tofauti ya kiganja. Maman Faida alivumilia kukaa ndani kwa sababu ya watoto tu, na walipofika kilima cha mwisho alishuka.

"Nani alisaini gari itoke?" akauliza Papa Murhula.

"Ni mie, Papa. Na nilijua haiko sawa. Nilisema mara moja, nikanyamaza."

Aliyejibu ni mke wake.

"Bon. Sasa sema mara ya pili. Ju ya nini ilizima?"

Nikamweleza pale pale, koo, hewa, jikleri, kama nilivyowaeleza ninyi. Aliuliza maswali mazuri kuliko mume wake.

Jumatatu niliifungua ile kabureta, nikaiweka juu ya meza ya Chef d'atelier na nikamweleza yote. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Watoto walikuwa ndani?"

"Wawili."

"Chagua wewe," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Chagua, na mimi nitamwambia client."

Nilichagua kabureta ndogo ya makoo mawili yasiyolingana. La kwanza, jembamba, linafanya kazi ya kila siku. La pili linafunguka tu pale la kwanza likikaribia kujaa. Nikapunguza jikleri hatua mbili, nikatazama plagi, nikarudisha moja. Plagi zikatoka na rangi ya biskuti, ndiyo rangi tunayoitaka. Siku ya majaribio Maman Faida alikuja bila kuitwa, akaketi mbele kando yangu.

"Endesha," akasema. "Mie niko nasikiliza."

Kwenye kilima kitupu nilipunguza mwendo hadi karibu kusimama, kisha nikakanyaga mpaka chini. Gari lilitubana migongo kwenye viti. Maman Faida akapiga kelele, halafu akacheka, akacheka mpaka akashika kifua. "Tena," akasema. Tulirudia mara tano.

Tangu siku hiyo Chef d'atelier hakuruhusu gari litoke bila kujaribiwa kilimani, na nikimwambia hapana, alikwenda mwenyewe kumwambia mteja, ingawa sauti ilimtetemeka. Alipostaafu mimi nilichukua nafasi yake. Baadaye nilifundisha shule ya ufundi, ambako wanafunzi waliniuliza kabureta itawasaidia nini siku hizi za kompyuta. Niliwajibu kwamba kompyuta nayo inaweza kupewa namba mbaya, na atakayesaini ni mtu.

Mwaka huu nimestaafu, nimerudisha funguo za shule. Walitaka kunifanyia sherehe kubwa, nikaomba soda na sambusa. Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani. Nyuma yangu gari moja lilipanda kilima, dereva akakanyaga. Sikugeuka kujua ni gari gani, wala nani aliyelisaini. Nilisogea pembeni, likapita.